Taya la mtoto likivimba ghafla, usikimbilie kung'oa jino

"Daktari, mtoto wa miaka mitano anapataje saratani? Havuti sigara, hanywi pombe, na chakula chake ni hiki hiki tunachokula sote, ugali wa muhogo na usipa."

Aliyeniuliza ni baba mmoja wa Ngumbo, mvuvi wa Ziwa Nyasa, akiwa amempakata mwanawe wa kiume aliyevimba taya la kulia. Meno mawili yalikuwa yameshang'olewa kabla hajafika kwangu, na uvimbe ukaendelea kukua kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Wazazi wengi huuliza kwanza kama ugonjwa unatibika. Huyu aliuliza umetoka wapi, na leo nataka kumjibu yeye pamoja na wazazi wengine wa mwambao, kuanzia Lituhi, Liuli hadi Mbamba Bay. Katika ugonjwa huu majibu ya maswali hayo mawili yamefungamana. Ukijua ulikotoka utajua kwa nini unatibika, na utajua kwa nini wiki moja ya kusubiri ni ndefu mno.

Jina lake ni limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazoitwa chembe B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka minne na tisa, wavulana kuliko wasichana. Kwa mmoja huanzia tayani, kwa mwingine tumboni, kwa mwingine jicho linatoka nje. Wakati mwingine dalili ya kwanza ni miguu kukosa nguvu, kwa sababu uvimbe umebana uti wa mgongo.

Daktari aliyefuata uvimbe kwa gari

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji, mzaliwa wa Ireland, aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amwone mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine wa namna hiyo hiyo. Akaanza kupekua mafaili ya wagonjwa, na mwaka 1958 akaandika makala ya kwanza kuhusu uvimbe huo.

Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford na kuondoka Kampala kuelekea kusini. Walisafiri wiki kumi, takriban kilomita 16,000, wakapita Tanganyika, Nyasaland na Msumbiji hadi Afrika Kusini, na kuingia katika hospitali 57. Swali lao kwa kila daktari wa misheni na wa serikali lilikuwa moja: umewahi kuuona uvimbe huu?

Majibu yalitengeneza ramani. Uvimbe ulionekana penye joto na mvua, na ulipotea penye miinuko yenye baridi. Karibu na Ikweta mpaka ulikuwa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri walivyoshuka kusini mpaka nao ulishuka. Yaani kinachohesabika ni joto, na joto linalohesabika ni lile la mbu.

Wenyeji wa Mbinga hawahitaji ramani hiyo kuelewa. Anayetoka Litembo alfajiri na sweta lake, akateremka hadi ziwani, atalivua kabla ya saa sita. Vilima vya Umatengo vinapanda kupita mita 1,500. Ziwa liko chini kwenye mita 475 hivi, na usiku wake ni wa mbu. Ni watu wa wilaya jirani, wanaouziana kahawa na samaki, lakini watoto wao hawaumwi malaria sawa.

Mkasi unapoteleza

Ndani ya kila chembe hai ya mwili kuna maelekezo, yaani jeni, yaliyopangwa kwenye nyuzi tunazoziita kromosomu. Jeni moja huiambia chembe "gawanyika", nyingine "simama", nyingine "umeharibika, jiondoe". Saratani si mdudu aliyeingia wala kitu ulichotegewa na jirani. Ni chembe ya mwili wako mwenyewe ambayo maelekezo yake yameharibika, ikawa inasikia amri moja tu, ya kugawanyika. Kwa kawaida kosa moja halitoshi. Ni lazima makosa kadhaa yakutane ndani ya chembe moja, na hiyo ndiyo sababu saratani nyingi huwapata watu wazima: makosa huchukua miaka kurundikana.

Kwa mtoto wa mwambao kuna njia ya mkato. Chembe B zina tabia ambayo chembe nyingi za mwili hazina: hukata jeni zake zenyewe kwa makusudi na kuziunga upya, ili zitoe kingamwili inayomfaa adui aliyepo siku hiyo. Fundi cherehani anayekata vitambaa kumi kwa siku huwa makini. Mpe vitambaa elfu moja, usiku na mchana, mwezi hadi mwezi, na mkasi utateleza. Malaria inayojirudia ndiyo inayoleta mzigo huo wa vitambaa.

Katika limfoma ya Burkitt tunajua hasa mkasi uliteleza wapi. Mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8, chenye jeni iitwayo MYC, huungwa kimakosa kwenye kromosomu ya 14, jirani kabisa na swichi inayowasha utengenezaji wa kingamwili. Kwenye chembe B swichi hiyo huwa imewashwa. MYC ni jeni ya kuharakisha kugawanyika. Vijana wa bodaboda watanielewa haraka: waya wa mafuta umenasa, unaachia mkono lakini pikipiki inazidi kukimbia. Uvimbe wa namna hii unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Sijui uvimbe mwingine wa binadamu unaokimbia hivyo.

Bado chembe hiyo ingepaswa kufa. Chembe B iliyovurugika kiasi hicho hujiua yenyewe, mwili umepangwa hivyo. Anayeizuia isife ni mgeni aliyekuwa ndani yake tangu mtoto akiwa mdogo.

Kirusi tulicho nacho karibu sote

Machi 1961, kabla ya safari ile ya gari, Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyeshuku kwamba nyuma ya ugonjwa unaofuata hali ya hewa lazima kuna kirusi. Kuanzia hapo vipande vya uvimbe vikawa vinapandishwa ndege Kampala kwenda kwake. Miaka ikapita bila kuona kitu. Desemba 1963 ndege moja ililazimika kutua Manchester kwa sababu ya ukungu, na kifurushi kilipofika maabara maji yake yalikuwa na mawingu mawingu, kama yaliyooza. Epstein hakuyamwaga, aliyatazama kwa hadubini. Mawingu yale yalikuwa chembe za saratani zilizo hai, zinaelea. Zikaoteshwa maabara, na mapema mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kirusi ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, na kilitoka kwa mtoto wa Afrika Mashariki.

Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanacho, na bila shaka mimi nimo. Huambukizwa kwa mate, na watoto wetu wengi hukipata kabla ya miaka mitatu bila dalili yoyote ya kukumbukwa. Kwa hiyo mama asianze kujilaumu kwamba alimlisha mtoto kwa kijiko chake. Limfoma yenyewe haiambukizi. Mtoto mwenye uvimbe alale na nduguze kama kawaida.

Kwa nini basi sisi wengine hatuugui? Kwa sababu tuna walinzi, chembe nyeupe za aina nyingine zinazoitwa chembe T. Hizi huzunguka mwilini zikikagua kila chembe. Zikikuta inaonyesha alama za kirusi, zinaiua. Kirusi nacho kina ujanja: ndani ya uvimbe wa Burkitt kimevua karibu sare zake zote, kimebakiza moja ambayo walinzi wanaitambua kwa shida.

Hapa ndipo malaria inarudi kufanya kazi yake ya pili. Mwaka 2007 watafiti waliwalinganisha watoto wa Kisumu, kwenye joto la Ziwa Victoria ambako malaria haikatiki, na watoto wa Nandi, kwenye miinuko ambako malaria ni ya nadra. Kirusi walikuwa nacho pande zote mbili. Lakini watoto wa Kisumu wa kati ya miaka mitano na tisa, umri ule ule wa ugonjwa, walikuwa na chembe T dhaifu zaidi dhidi ya kirusi hicho. Mlinzi alikuwapo, ila amechoka. Badala ya Kisumu na Nandi weka Ngumbo na Litembo, utapata picha ninayoitaka.

Tanzania nasi tuna sehemu yetu katika habari hii. Kati ya mwaka 1977 na 1982, huko Mara kaskazini, watoto walipewa klorokwini mara kwa mara ili kuona kama limfoma itapungua malaria ikipungua. Ilipungua, tena sana. Lakini ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya mradi, na baadaye vimelea vikazoea klorokwini na malaria ikapanda tena. Watafiti wenyewe hawakudai kwamba wamethibitisha, na mimi sitawadaia. Ninachoweza kusema ni kwamba ushahidi wote, wa gari, wa maabara na wa Mara, unaelekeza kidole upande mmoja. Narudia pia kwamba watoto wanaougua malaria ni mamilioni, na wanaopata limfoma hii ni wachache kwa kila laki moja kwa mwaka. Mtoto akipata malaria, mtibu malaria. Usilale macho ukiwaza saratani.

Kasi yake ndiyo udhaifu wake

Burkitt, pamoja na kuwa mpasuaji, aliona mapema kwamba kisu hakisaidii uvimbe huu. Kilichosaidia ni dawa. Dawa za saratani huua chembe inayogawanyika, na uvimbe ambao karibu chembe zake zote zinagawanyika hauna pa kujificha. Watoto waliopewa saiklofosfamaidi, dawa ya zamani na ya bei nafuu, walivimbuka ndani ya siku chache. Mpaka leo ndiyo nguzo ya matibabu, pamoja na vinkristini na methotreksati, ambayo hudungwa pia uti wa mgongoni ili ugonjwa usikimbilie kwenye ubongo.

Huko Blantyre, Malawi, kwa mpango wa dawa chache na nafuu kama hizi, takriban nusu ya watoto walipona. Nchi tajiri, zenye dawa nyingi zaidi, damu ya kutosha na vyumba vya uangalizi, huponya zaidi ya tisa kati ya kumi. Tofauti hiyo haitokani na dawa peke yake. Kubwa zaidi ni mtoto kufika amechelewa, na matibabu kukatizwa.

Hili la pili linaniuma kuliko yote. Mtoto anapewa dozi ya kwanza, na baada ya wiki moja taya limerudi mahali pake. Anacheka, anaomba chai na maandazi. Mzazi amekaa mjini siku nyingi, ameacha nyavu au shamba la muhogo, na wengine nyumbani hawana wa kuwaangalia. Anasema moyoni, amepona, twende. Lakini chembe zilizobaki, ambazo jicho wala mkono hauzigusi, zinaanza kugawanyika tena siku hiyo hiyo, na safari hii zinakuwa sugu kwa dawa. Mzazi, usimwondoe mtoto mpaka daktari aandike kwamba dozi zimekamilika, hata kama anacheza mpira koridoni.

Tiba ya kinga: ipi ipo, ipi ipo mbali

Wasomaji wengi wamesikia habari za tiba mpya zinazotumia kinga ya mwili kuua saratani, na mmoja aliniuliza kama ni kweli au ni matangazo. Ni kweli. Na wazo lake lilionekana mapema kwenye wodi za Afrika Mashariki. Mwaka 1967 Burkitt na Sebastian Kyalwazi, mpasuaji wa Uganda, waliandika kuhusu limfoma iliyonywea bila matibabu ya maana. Mwaka huo huo Peter Clifford wa Nairobi na wenzake walieleza wagonjwa waliopewa dawa kidogo na bado wakaishi miaka. Waliamini kwamba kinga ya mgonjwa imeamka. Hao ni wachache mno, na hakuna mzazi anayepaswa kusubiri bahati hiyo.

Tiba ya kwanza ya kinga kwa limfoma za chembe B ni rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Hujibandika kwenye alama iliyo juu ya chembe B, kama mtu anayepaka chokaa mlango wa mhalifu, kisha walinzi wa mwili wanajua waingie nyumba ipi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifuata watoto wenye limfoma kali za aina hii. Waliopewa dawa za kawaida pekee, asilimia 82 walikuwa salama bila ugonjwa baada ya miaka mitatu. Walioongezewa rituksimabu walikuwa asilimia 94. Ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Lakini inaua chembe B nzuri pamoja na mbaya, na mtoto anabaki na upungufu wa kingamwili kwa miezi. Hospitali isiyoweza kupambana na maambukizi inaweza kumdhuru kwayo. Kwa hiyo daktari asipoiandika, muulize sababu, usidhani umenyimwa.

Ya pili ni kuchukua chembe T za mgonjwa, kuzifundisha maabara kuitambua saratani, na kumrudishia. Inafanya kazi kwa baadhi ya saratani za damu, lakini ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2017 bei yake ilitangazwa kuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Ya tatu ni dawa zinazoachia breki za chembe T, ugunduzi uliowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Zimebadilisha tiba ya saratani ya ngozi na ya mapafu, ila si dawa ya Burkitt.

Zile poda na chupa za "kuongeza kinga" zinazouzwa stendi na kwenye simu hazimo katika orodha hii. Hazirejeshi chembe T zilizochoka, na nauli ya kwenda hospitali huishia humo.

Kinga tuliyo nayo mkononi ni ile inayozuia. Chandarua chenye dawa kila usiku, na homa ya mtoto ipimwe malaria mapema badala ya kuotewa. Kwa saratani nyingine zinazoletwa na virusi tuna chanjo kabisa: ya homa ya ini aina B, ambayo mtoto huipata kliniki ndani ya chanjo yake ya mchanganyiko, na ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana, iliyoanza nchi nzima Aprili 2018 na sasa ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Ukiona taya limevimba

Jipu la jino huuma, huleta homa, na hutulia kwa dawa ndani ya siku chache. Uvimbe wa Burkitt mara nyingi hauumi mwanzoni, meno ya magego yanalegea bila kutoboka, na unaweza kuuona umekua kati ya Jumatatu na Ijumaa. Tumbo linalojaa haraka, jicho linalotokeza, au mtoto aliyekuwa anatembea na sasa anaburuta miguu, ni ya siku hiyo hiyo. Nenda zahanati au kituo cha afya, sema wazi uvimbe ulianza lini, na omba rufaa.

Kipande kidogo cha uvimbe kitachukuliwa kwa sindano au kisu kikapimwe. Najua inasemwa kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Huu unasambaa bila kuguswa, na bila kipimo hakuna daktari atakayeanza dawa kwa uhakika. Atapimwa pia VVU. Ni utaratibu, si tuhuma. Kabla ya dawa atawekewa dripu nyingi na kupewa alopurinoli, kwa sababu uvimbe ukiyeyuka kwa mpigo taka zake zinaweza kuziba figo. Usiwalaumu wauguzi kwamba wanachelewesha.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, najua maana yake mfukoni. Muhimbili, kwa kushirikiana na taasisi ya Tumaini la Maisha, watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo, na kuna hosteli kwa mzazi na mtoto anayesubiri dozi. Kabla ya kuondoka mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali inayokupa rufaa, kwa ajili ya nauli na barua. Ukirudi nyumbani njoo na karatasi yenye tarehe za kliniki na namba ya simu ya wodi. Limfoma hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, na kila tarehe kwenye karatasi hiyo ina sababu yake.